Dawa ya miti na kansere ya titi

Hapa Masako msitu uko karibu, na dawa ya miti tunaijua tangu kwa bibi zetu. Kweli, mmea unaweza kutoa dawa ya kansere. Vinkristini, inayotibu kansere ya damu ya watoto, inatoka katika pervenche ya Madagaska, ua tunalopanda kwenye lupango kwa kupamba tu. Paklitakseli ilitoka katika gome la mti wa Marekani.

Lakini paklitakseli haiyeyuki katika maji. Zamani waliichanganya na kiyeyusho kilichotengenezwa kwa mafuta ya mbarika, na wagonjwa wengine mwili ulikikataa. Ndipo wataalamu wakatumia nanoteknolojia: wakaifunga dawa kwa albumini, protini ya damu, kama sisi tunavyofunga samaki katika liboke. Liboke hilo lina upana wa nanometa 130 hivi, na milimita moja ina nanometa milioni. Linapita katika damu bila kile kiyeyusho. Marekani iliikubali dawa hiyo mwaka 2005, kwa kansere ya titi.

Basi mmea ni mwanzo tu. Kipimo na ufungaji ndivyo vinavyoufanya uwe dawa. Ua la pervenche lina sumu, tusilichemshe kwa kunywa. Mama, ukigusa uvimbe katika titi, hata usiouma, usingoje miezi ukinywa mizizi. Nenda kituo cha afya wiki hii. Na mwenzetu akiogopa kwenda peke yake, tumsindikize.