Soja analisha boma nzima, lakini kwa makaratasi sheria inajua nani?

Kama umewahi enda pass-out pale Recruits Training School, Moi Barracks Eldoret, unajua hakuna soja hu-graduate peke yake. Matatu inashusha mathe, mbuyu, shosh na kibuyu chake cha mursik, anko aliyeuza ng'ombe alipe fees, na makasini ambao hata hujui ni wa side gani. Mshahara wa kwanza ukiingia, hao wote wako kwa hiyo payslip.

Shida ni kwamba kwa makaratasi wengi wao hawako.

Kosa la kwanza ambalo wasee hufanya ni kudhani next of kin ndiye mrithi. Zii. Huyo ni mtu wa kupigiwa simu mambo ikiharibika. Jina lako kuwa hapo halikupi shamba, na halimtoi bibi ya soja kwa picha.

Nani basi ni tegemezi? Soja akifariki, Sheria ya Urithi, kifungu cha 29, inaanza na bibi ama bwana na watoto. Hao hawaulizwi kama walikuwa wanatumiwa doh. Halafu kuna kikundi cha pili: wazazi, wazazi wa kambo, babu na shosh, wajukuu, watoto wa kambo, ndugu na dada, hata wa baba ama mama tofauti, na watoto ambao marehemu aliwachukua kama wake. Hawa wako ndani, lakini lazima ionekane alikuwa anawatunza hadi wakati anafariki. Anko, shangazi na kasini hawajatajwa kabisa. Pole kwa yule wa ng'ombe.

Sasa chukua mfano. Brathe yako yuko jeshi, wewe unasoma college hapa town, unakaa keja ya Langas, na rent na fees ni yeye. Hana bibi unayemjua. Siku ya mazishi anatokea dem na mtoto, na wana kila haki ya kuja. Wewe kusema tu “brathe alikuwa ananisomesha” haitoshi. Judge atataka kuona rekodi za M-Pesa, risiti za fees zenye jina lake, barua ya chifu. Kwa hivyo usifute hizo meseji ati simu imejaa.

Na kuna deadline ambayo huchoma watu wengi. Ombi la kutaka korti ikukumbuke kama tegemezi lazima liingie kabla ile ruhusa ya kugawa mali ithibitishwe, kitu ambacho kwa kawaida hufanyika miezi sita baada ya ruhusa kutolewa. Ikishathibitishwa, mlango huo umefungwa, hata kama ulikuwa unalia tu kejani.

Mtoto wa sistee unayemlea ni story ingine. Hapo barua ya chifu pekee haikufanyi mlezi kisheria. Sheria ya Watoto ya 2022 ina njia za ulezi na za kuasili, na korti ndiyo hutoa hizo amri. Inachosha, najua, lakini ndiyo inashika.

Hospitali nayo? SHA, iliyoanza 1 Oktoba 2024, inahesabu chini ya mchangiaji bibi ama bwana na watoto wa chini ya miaka 21, ama 25 kama bado wanasoma full-time. Mathe hayuko. Shosh hayuko. Kila mmoja anajisajili kivyake, na asiye na payslip analipa kuanzia 300 kwa mwezi, ila inalipwa ya mwaka mzima mara moja, yaani kuanzia 3,600. Kama wewe ndiye soja, hiyo ndiyo njia rahisi ya kumshughulikia shosh: msajili Huduma Centre, mlipie.

Watu wa Eldoret hawahitaji kuelezwa kwa nini hii story si ya kuahirisha. Tarehe 27 Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta na marais wa Nigeria na Somalia walikuwa Moi Barracks kuwaombolezea masoja waliouawa El Adde tarehe 15. Vijana hao walikuwa na mabibi, lakini pia walikuwa na wazazi na wadogo wao waliokuwa wanawategemea.

Kitu moja ambayo hata masoja wengi hawaijui: sheria inamruhusu mwanajeshi aliye kwa huduma ya vita kuacha wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Raia wa kawaida akifanya hivyo, unashika tu akifariki ndani ya miezi mitatu. Wa soja unashika hata ikipita hiyo miezi mitatu, mradi afe kwa huduma hiyo hiyo.

Lakini mdomo ni mdomo, na mashahidi wake huenda wako mission ingine. Wosia wa kuandikwa unahitaji mtu mzima mwenye akili timamu, sahihi yake, na mashahidi wawili ambao si warithi. Hapo ndani anko anaweza kutajwa kwa jina. Kasini pia. Brathe yako akija leave, kabla mwende kumanga nyama choma, muulize kama ameandika.