Waya ghali si tiba ya muziki hafifu

MKAZI wa mtaa wa Ziwani, Nairobi, anayeweka akiba kwa miezi kadhaa ili anunue amplifaya na spika hukumbana na swali jingine afikapo katika maduka ya barabara ya Luthuli: achukue waya wa kawaida unaokatwa kwa mita, au ule wa pakiti ya kupendeza, wenye ncha za rangi ya dhahabu na bei maradufu?

Muuzaji humhakikishia kwamba waya huo wa pili utaifanya sauti kuwa safi zaidi. Kwa mwenye kipato kidogo, uamuzi huo si mdogo, kwani pesa zinazotumiwa kwenye waya ndizo zingemwongezea spika bora.

Kazi ya waya wa spika ni kusafirisha umeme kutoka kwa amplifaya hadi kwenye spika bila ya kuupoteza njiani. Kinachoupoteza ni ukinzani, ambao hupimwa kwa omu. Ukinzani huongezeka waya unaporefuka na hupungua waya unapokuwa mnene. Bei haimo katika hesabu hiyo.

Katika vyumba vidogo kama vile vilivyojengwa Ziwani enzi za ukoloni, waya wa mita tano hutosha. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 wenye urefu huo, ukihesabiwa kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.12. Spika nyingi za nyumbani ni za omu nane. Nguvu inayopotea ni chini ya asilimia tatu, kiasi ambacho sikio haliwezi kutambua.

Mambo hubadilika muziki unapotolewa nje, kwa mfano kwenye hema la harusi. Waya mwembamba wa milimita mraba 0.5 ukivutwa mita 20 hadi kwenye spika ya omu nne, spika hiyo hupata zaidi kidogo tu ya nusu ya nguvu ambayo ingepata. Waya wa milimita mraba 2.5 huifikishia karibu asilimia 87. Hapa kuongeza pesa kuna maana, lakini pesa hizo hununua unene, si jina.

Mwaka wa 2007, James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani aliyesifika kwa kufichua ulaghai, alisema wakfu wake ungempa dola milioni moja yeyote ambaye angetofautisha, kwa kusikiliza tu, waya wa Pear Anjou na waya wa bei ya chini. Jozi ya futi 12 ya waya huo iliuzwa dola 7,250. Jaribio hilo halikuwahi kufanyika, na zawadi hiyo ilifungwa mwaka wa 2015 bila ya mtu kuitwaa.

Randi alisisitiza msikilizaji asijue ni waya upi unaotumika kwa sababu macho huliongoza sikio. Aliyelipa pesa nyingi hutarajia kusikia tofauti, na mara nyingi huisikia hata isipokuwapo.

Hata hivyo, si kila waya wa bei nafuu unafaa. Baadhi ya nyaya huonekana za shaba ilhali ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wa aluminiamu ni takriban mara 1.6 ya ule wa shaba. Mnunuzi anaweza kuukwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, si shaba tupu.

Waya wa maikrofoni nao hubeba umeme dhaifu, hivyo huhitaji wavu wa kuukinga dhidi ya mvumo na ncha zilizochomelewa vyema. Dhahabu kwenye ncha huzuia kutu tu. Shaba hupitisha umeme vizuri kuliko dhahabu.

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na bidhaa. Kabla ya kutoa pesa, basi, na aulize mambo mawili: waya huu ni wa madini gani, na una unene gani? Muuzaji asiyeweza kujibu hayo hana sababu ya kudai bei ya juu.