Nyuki Hajui Mpaka wa Shamba

Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, mvua na udongo wenye rutuba, lakini pia ni nchi ya vishamba vidogo. Kila kizazi kinaporithi, ardhi hugawanywa tena, hata mama hujikuta na kipande chenye chai, migomba, mahindi, mti wa parachichi, na maboga nyuma ya jiko. Mwenye ardhi finyu huumia kila ua linapoanguka bila ya kuzaa. Hapo ndipo thamani ya nyuki hudhihirika.

Si kila mmea unaomhitaji. Mgomba huzaa bila ya msaada wake, na chai huchumwa majani tu. Boga lina hali nyingine. Mmea mmoja hutoa maua dume na maua jike. Jike hutambulikana kwa kijiboga kilicho chini yake. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Chavua isipofikishwa katika saa hizo chache, kijiboga hugeuka manjano na kuoza.

Ua la parachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, kisha likiwa dume. Aina ya Hass huwa jike asubuhi, na Fuerte huwa jike alasiri. Basi majirani wawili wenye aina hizo mbili hufaidiana, madhali wapo nyuki wa kupita baina yao.

Mama mwenye bustani atawavutaje? Aache baadhi ya mirehani na kotmiri itoe maua badala ya kuichuma yote. Apande alizeti pembezoni, na uani apande kaliandra, ambayo majani yake ni chakula cha ng'ombe na maua yake ni chakula cha nyuki. Aweke sahani pana ya maji yenye vijiwe vya kutua, wadudu wasizame. Gogo kavu lisichomwe lote, kwani nyuki wakubwa weusi, wasaidizi wa pasheni, hutoboa humo makao yao. Akiweka mzinga, uwe mbali na njia, watoto na mifugo iliyofungwa.

La muhimu zaidi ni dawa. Asinyunyize maua yakiwa wazi. Ikiwa hapana budi, na iwe baada ya jua kutua, nyuki wakiwa wamerejea mzingani, tena baada ya kumwarifu jirani.

Katika Suratun Nahl, aya ya 68 na 69, Mwenyezi Mungu (S.W.) anaeleza jinsi alivyomfunulia nyuki afanye makao milimani, mitini na katika wanayoyajenga watu. Kwa Kiarabu amri hizo zimetajwa kwa tamko la kike. Na nyuki watokao kutafuta chakula mauani wote ni majike. Naye Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Abu Daud, amemtaja nyuki miongoni mwa wanyama wanne waliokatazwa kuuawa.

Akina mama, nyuki hajui mpaka wa urithi. Sumu ya shamba lako humpunguzia jirani mavuno, na ua la uani kwako humzidishia. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu apandapo mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.