Eti maswali ya mpinzani ni kelele tu? Kweli na si kweli kuhusu kumbana waziri bungeni

Kwenye vijiwe vya Nyahanga, mjini Kahama, mazungumzo ya siasa hayachukui muda kufika Buzwagi. Mgodi ule wa dhahabu ulikuwa pua na mdomo na mji. Na ikitajwa Buzwagi, jina linalofuata ni Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani aliyesimama Dodoma mwaka 2007 kumhoji waziri kuhusu mkataba wake. Kila mtu ana simulizi lake, na wewe msomaji bila shaka umeshayasikia mengi. Mengine ni ya kweli. Mengine yameongezwa chumvi njiani mpaka hayafanani tena na kilichotokea. Tuyapime.

"Maswali ya wapinzani ni kelele, hayajawahi kubadilisha kitu."

Si kweli, na ushahidi tunao hapahapa nyumbani.

Zitto alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA. Katikati ya mwaka 2007 alitaka kujua kwa nini Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa Buzwagi hotelini London mwezi Februari mwaka huo, wakati Serikali yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba mikataba ya madini inapitiwa upya. Tarehe 14 Agosti akawasilisha hoja binafsi, akiomba iundwe kamati teule ya kuchunguza. Serikali ikasema taratibu zilifuatwa. Hoja ikaanguka, naye akasimamishwa kuhudhuria Bunge hadi Januari 2008.

Wengi huishia hapo na kusema alishindwa. Lakini habari iliendelea. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kuangalia sekta ya madini, chini ya Jaji Mark Bomani, na mmoja wa wajumbe aliowateua ni Zitto huyohuyo, ambaye bado alikuwa amefungiwa mlango wa Bunge. Mpinzani mwingine aliyeingia ni John Cheyo wa UDP, kutoka Bariadi. Kamati ikatoa ripoti yake 2008. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria mpya ya Madini: mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, na ukaanza kukokotolewa kwa thamani ghafi, yaani kabla kampuni haijakata gharama zake za kusafirisha na kusafisha. Mwaka 2017 ukapanda tena hadi asilimia 6.

Mtu mmoja hawezi kupewa sifa zote hizo. Asasi za kiraia na viongozi wa dini nao walipiga kelele miaka ile. Hata hivyo, kabla ya swali lile mkataba wa mgodi ulikuwa jambo la waziri na mwekezaji, na baada yake ukawa jambo la kila mwenye redio.

"Karamagi aliondoka uwaziri kwa ajili ya Buzwagi."

Si kweli. Hili nimelisikia hata kwa watu wanaofuatilia siasa kwa makini. Karamagi alijiuzulu Februari 2008 katika sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura. Ripoti ya kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ndiyo iliyomwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa, na pamoja naye Karamagi na Ibrahim Msabaha. Mambo mawili yalitokea karibu karibu, watu wakayaunganisha.

"Kelele za wanasiasa ndizo zilizoua mgodi wa Buzwagi."

Si kweli. Mgodi ulianza uzalishaji 2009, miaka miwili baada ya swali la Zitto, na ukafungwa 2021 kwa sababu mawe yenye dhahabu yalikuwa yamekwisha.

"Mbunge akiwa bungeni anaweza kusema lolote, hakuna wa kumgusa."

Nusu kweli. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa majadiliano: anachosema mbunge ndani ya Bunge hakihojiwi mahakamani wala mahali pengine nje ya Bunge. Sasa yasome tena maneno hayo, "nje ya Bunge". Ndani yake wenzake wanaweza kumwadhibu kwa Kanuni, na ndivyo ilivyokuwa kwa Zitto. Kosa aliloambiwa ni kusema uongo, na kura ikapigwa na chama chenye wabunge wengi. Naona huo ndio upenyo mkubwa wa kinga hii: inamlinda anayeuliza dhidi ya polisi na mahakama, lakini dhidi ya wingi wa chama kinachotawala haina nguvu.

"Mbunge akishika shilingi, waziri anakatwa mshahara."

Si kweli, ingawa jina lenyewe ndilo linalopotosha, na inafaa kulielewa kwa sababu ni silaha ambayo mbunge yeyote anaweza kuitumia.

Bajeti ya wizara ikishajadiliwa, Bunge zima hukaa kama Kamati ya Matumizi. Katibu anasoma mafungu na vifungu kimoja kimoja. Kikifika kifungu chenye mshahara wa waziri, wabunge wanasimama kutaka ufafanuzi wa sera: barabara iliyosahauliwa, fidia ya waliohamishwa kupisha mgodi, zahanati isiyo na dawa. Asiyeridhika na majibu anatamka kwamba anatoa shilingi katika mshahara huo. Hapo waziri hawezi kupita. Wengine wanasimama kuunga mkono au kupinga, waziri anarudi kueleza upya, mara nyingi Waziri Mkuu au Mwanasheria Mkuu naye anaingia kuokoa jahazi, na ahadi ambayo dakika kumi zilizopita haikuwepo inatamkwa mbele ya taifa. Kwa kawaida mbunge husema amerudisha shilingi. Akikataa, kura inapigwa. Mshahara haupungui, ila ahadi imekwisha kuandikwa kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata mwenye kumbukumbu anaweza kuifungua na kumsomea waziri maneno yake mwenyewe.

"Waziri anasoma tu alichoandikiwa na maofisa wake."

Kweli kwa jibu la msingi. Swali la kawaida hupelekwa mapema kwa maandishi, na wataalamu wa wizara huandaa jibu. Waziri anajulikana alivyo kwenye maswali ya nyongeza, ambayo hayaoni kabla. Na Alhamisi, tangu enzi za Spika Samuel Sitta, Waziri Mkuu huulizwa papo kwa papo, japo Kanuni zinataka swali liwe la sera. Ireland wana utaratibu wenye ukali zaidi: viongozi wa vyama vya upinzani wana nafasi yao maalumu kumhoji Waziri Mkuu ana kwa ana, Jumanne na Jumatano. Sisi yetu ni siku moja, na nafasi ya upinzani inategemea idadi ya wabunge wake.

"Wabunge wa CCM kazi yao ni kupiga meza tu."

Si kweli, na mfano tunao wa Kahama. Desemba 2013, James Lembeli, wakati huo mbunge wa Kahama kwa tiketi ya CCM na mwenyekiti wa Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, aliwasilisha ripoti kuhusu Operesheni Tokomeza. Operesheni ililenga majangili, lakini wananchi walipigwa na kuteswa, na wengine wakapoteza maisha. Kabla siku haijaisha, mawaziri wanne walikuwa wameondoka: Khamis Kagasheki, Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David.

Wazee wa Shinyanga wana kumbukumbu ya nyuma zaidi. Mwanzoni mwa 1977, chini ya chama kimoja, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliokamatwa, wakateswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Kwa hiyo anayekwambia waziri wa Tanzania hajawahi kuwajibika kwa ajili ya mtu wa kijijini, mtajie mwaka huo na mikoa hiyo.

"Asiyekuwepo na lake halipo."

Kweli tupu. Wazee walipatia.

Angalia sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, 2014. David Kafulila wa NCCR-Mageuzi alilishikilia bungeni bila kuchoka. Kamati ya Hesabu za Serikali, ambayo kwa Kanuni mwenyekiti wake hutoka upinzani, ikalichambua chini ya Zitto. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Januari 2015 Sospeter Muhongo akafuata. Kulikuwa na watu kwenye viti.

Baada ya uchaguzi wa 2020, wabunge wa majimbo kutoka upinzani hawakufika kumi katika Bunge zima. Hata wachache hao wangekuwa hodari namna gani, muda wa kuuliza haukuongezeka kwa sababu ya uhodari. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge haki ya kumwuliza waziri swali lolote la umma lililo katika wajibu wake, lakini haki hiyo inatumiwa na mtu aliyeko ukumbini, mwenye karatasi mkononi na sababu ya kusimama.

Sababu Kahama hazijaisha. Buzwagi ilipofungwa, ushuru wa huduma uliokuwa ukiingia halmashauri kutoka mgodini ulifika mwisho. Eneo lenyewe limetangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na kiwanda cha kusafisha nikeli kimeahidiwa. Vijana wangapi wa Nyahanga, Mwendakulima na Mwime wataajiriwa, kwa masharti gani, na mkataba utasainiwa wapi, ni maswali ya kumkabidhi mbunge wa Kahama sasa, wa chama chochote atakachokuwa.