Kipanya kikirukaruka, usikimbilie kununua kingine

BUKAVU – Siku za kuweka TFC zinapokaribia, sekretaria za kuandika na kuchapisha kwa kompyuta karibu na vyuo vya mji wa Bukavu hujaa wanafunzi. Hapo ndipo kipanya, ambacho wengi hapa hukiita souris, huanza vituko: mshale unaruka wenyewe, unabonyeza mara moja kompyuta inahesabu mbili, na aya nzima inatoweka mbele ya macho yako.

Jambo la kwanza ni kuokoa kazi. Acha kubonyeza, kisha bonyeza Ctrl na Z pamoja kabla hujafunga faili. Kilichofutwa mara nyingi hurudi.

Jambo la pili ni kutokimbilia soko la Kadutu au la Nyawera kununua kipya. Huenda ugonjwa hauko kwenye kipanya.

Kipanya cha kwanza, kilichoundwa Marekani mwaka 1964 katika maabara ya Douglas Engelbart, kilikuwa cha mbao chenye magurudumu mawili. Cha leo kina taa ndogo na kamera inayopiga picha zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Kikizilinganisha, kinajua mkono umeelekea wapi. Juu ya kioo au meza inayong'aa kamera haipati alama za kufuata, na mshale unapotea. Weka karatasi ya kawaida chini yake. Ukitulia, umepona bila kutoa hata franka moja.

Usipotulia, kigeuze. Unywele mmoja au vumbi la kiangazi, lile la Juni hadi Agosti, linatosha kuziba tundu la kamera. Kichomoe, kisha pangusa kwa pamba yenye alkoholi kidogo.

Bado? Badilisha tundu la USB, halafu kijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kikifanya kazi vizuri huko, mgonjwa ni kompyuta yako: labda imeelemewa na programu nyingi au ina virusi. Kikirukaruka huko pia, kosa ni la kipanya, mara nyingi waya uliokatika ndani pale unapoingilia.

Kisicho na waya kina mambo yake. Badilisha betri kwanza. Kisha angalia kama kipokezi chake kimekaa karibu na flashi au diski iliyochomekwa kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la buluu. Tundu hilo linaweza kuvuruga mawimbi ya kipanya. Hamishia kipokezi upande wa pili.

Kwa wanaotumia kompyuta ya kubeba bila kipanya, tatizo laweza kutoka ukutani. Sehemu ya kugusa huhisi kidole kwa chaji ndogo sana ya umeme. Katika mji ambao umeme wa Ruzizi hukatika na jenereta kuchukua zamu, shaji ikichomekwa kwenye prizi isiyo na waya wa ardhi, au kwenye jenereta yenye umeme usiotulia, mshale unaweza kucheza ovyo. Hifadhi kazi yako, hakikisha betri ina chaji, kisha chomoa shaji kwa dakika moja. Mshale ukitulia, chunguza prizi na shaji. Kinachohitajika hapo ni fundi wa umeme.

Kubaki kuhesabu mara mbili, hata kwenye kompyuta nyingine, ni dalili ya uzee: kipande cha chuma chini ya kitufe kimechoka. Kwa muda, ingia kwenye mipangilio ubadilishane kitufe cha kushoto na cha kulia, umalize kazi. Sasa una sababu ya kwenda sokoni.

Jaribu kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni dawa gani iliyoponya. Na TFC yako isikae kwenye flashi moja tu: itume pia kwenye barua pepe yako kabla ya kuondoka sekretaria.