VIJANA NA MAONI YAO JUU YA VITABU WALIVYOSOMA

Katika miji na mashamba ya Kenya wako vijana ambao, wamalizapo kitabu, hawakirudishi mahali pake na kunyamaza. Hukutana wenzi wanane au kumi, wote wakiwa wamesoma kitabu kimoja, na kila mmoja husema alivyokiona. Mahali pa kukutania si lazima pawe pakubwa. Darasa lililo wazi siku ya Jumamosi latosha, au chumba cha maktaba, au kivuli cha mwembe. Wengine siku hizi huandikiana maoni yao kwa simu za mkononi, na jambo hilo lafaa kwa wale wanaokaa mbali. Lakini waliojaribu njia zote mbili husema ya kwamba mtu akiwa mbele ya mwenzake hujibiwa upesi, wala hawezi kukimbia swali.

Huenda msomaji akauliza: Kitabu kikiisha kusomwa, mazungumzo ni ya nini? Jibu lake laonekana mara mkutano wa kwanza unapoanza. Kijana huombwa kutoa maoni yake, naye husimama akasema, “Kitabu hiki ni kizuri sana na kina mafunzo mengi.” Kisha huketi. Maneno hayo hayana kosa, lakini hayana kitu ndani yake. Yaweza kusemwa juu ya kitabu cho chote duniani, hata na mtu ambaye hakukifungua. Mwingine husimulia hadithi yote tangu mwanzo hata mwisho, akadhani ya kuwa ametoa maoni, kumbe ametoa muhtasari tu. Maoni ni jambo jingine. Ni kusema: hapa nilikubaliana na mwandishi, na hapa sikukubaliana naye, na sababu yangu ni hii.

Mfano mmoja utaonyesha tofauti hiyo. Katika mwaka wa 1952 kilitolewa kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, ambacho kimesomwa katika shule za Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. Adili ni liwali wa mji wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu. Nyumbani mwake mna nyani wawili, naye huwapiga kila usiku. Baadaye yajulikana ya kuwa nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walipoteza mali yao, Adili akawagawia yake. Kisha wakamhusudu, wakamtosa baharini. Jini aliyemwokoa ndiye aliyewageuza kuwa nyani, akamwamuru Adili awapige.

Hadithi ni hiyo. Sasa maoni huanza. Kijana mmoja atasema ya kwamba Adili ni mtu mwema kweli, maana aliwasamehe ndugu zake walipokuwa wamekwisha kumpotezea mali. Wa pili atakataa: mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja, kisha akasafiri tena baharini na wadanganyifu wale wale, hakuwa mwema bali alikuwa mzembe. Wa tatu atauliza swali zito zaidi. Ikiwa Adili ni mwadilifu, yawezekanaje awapige ndugu zake kila usiku, hata kama ameamriwa? Je, amri ya mkubwa yatosha kumwondolea mtu lawama? Hapo watu wote huinua mikono, na mkutano waweza kuchukua saa nzima juu ya swali hilo tu. Hakuna upotevu wa wakati katika jambo hilo. Swali la amri na dhamiri limewasumbua watu wazima na mahakama za dunia, wala si ajabu likiwasumbua vijana.

Yuko pia kijana ambaye haridhiki na majina. Adili maana yake mwenye haki, Hasidi ni mwenye husuda, na Mwivu ni mwenye wivu. Basi, asema kijana huyo, msomaji ajua tangu mwanzo nani atatenda mema na nani atatenda maovu, naye mwandishi amemnyima raha ya kugundua mwenyewe. Tena mtu awezaje kubadilika ikiwa jina lake limekwisha kumhukumu? Wenzake watamjibu ya kuwa hadithi za namna hiyo ni za kale, zenye asili moja na zile za Alfu Lela Ulela, na ndani yake watu ni mfano wa tabia, si majirani wa mtaani. Majibu yote mawili yana nguvu. Lililo la maana ni kwamba kijana yule hakuogopa jina kubwa la mwandishi. Shaaban Robert anastahili heshima aliyopewa, lakini heshima haitaki msomaji afumbe macho.

Katika vikundi vizuri iko kanuni moja ambayo haivunjwi: asemaye neno juu ya kitabu sharti aweze kuonyesha ukurasa. Mwenye kiti huuliza kwa upole, “Waliona wapi?” na msemaji hufungua kitabu akasoma. Mara nyingi huonekana ya kuwa jambo alilolishikilia halimo, bali lilikuwa moyoni mwake mwenyewe. Kanuni hiyo ndiyo hutenga ugomvi na mazungumzo.

Kanuni hii yafaa hasa kwa kitabu kama Kusadikika, kilichotolewa mwaka wa 1951. Ni habari za nchi iliyo angani, na mtu mmoja, Karama, ashitakiwa kwa sababu ya kufundisha sheria. Katika kujitetea awasimulia waamuzi habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na elimu, wakafungwa. Kitabu kiliandikwa wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza, na wasomaji wengi wameona utawala huo ndani yake. Vijana wa leo huona mambo mengine, kila mmoja kwa kadiri ya anayoyajua. Wote wana ruhusa ya kuona, lakini yapasa watenge mambo mawili: lile lililoandikwa, na lile ambalo msomaji amelileta kutoka nyumbani kwake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata hivyo karatasi ni moja kwa wote.

Vijana walio na vitabu karibu nao hawakumbuki daima ya kuwa mambo hayakuwa hivyo zamani. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1931, jengo zuri la mawe lenye nguzo kubwa mbele, lakini Waafrika hawakuruhusiwa kusoma ndani yake kwa miaka mingi. Mwaka wa 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ofisi ya kuchapa na kueneza vitabu katika Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na Unguja. Ofisi hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu katika wilaya, na wasomaji waliokaa mbali waliweza kuazima vitabu kwa posta. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka wa 1965 iliunda shirika la maktaba za taifa la Kenya, na mwaka wa 1996 shirika hilo likaanza kutumia ngamia kuwapelekea vitabu watu wa upande wa Garissa, ambako njia za gari ni chache na watu huhama na mifugo yao.

Ofisi ile ya 1948 ilifanya pia mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Katika mashindano ya 1957 na 1958 mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapwa mwaka wa 1960. Ndani yake yumo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye huyajua ya watu kwa kutazama na kufikiri. Vijana wapenda sana kuzungumza habari zake, lakini kitabu cha namna hii kina adabu yake: aliyekwisha kujua muuaji asimtaje mbele ya asiyefika mwisho. Wako waliokosana kwa sababu ya jambo hilo, na lawama ilikuwa ya mwenye kusema.

Liko jambo moja ambalo huwaharibia vijana wengi mazoezi haya, nalo ni mtihani. Katika shule za sekondari wanafunzi hupewa vitabu teule vya fasihi, nao wengi, badala ya kusoma kitabu chenyewe, hununua kijitabu cha mwongozo chenye muhtasari, sifa za wahusika na majibu ya maswali. Yafaa kusema wazi ya kuwa mwongozo si dhambi. Mwanafunzi aliyesoma kitabu aweza kuutumia kujikumbusha. Lakini aliyesoma mwongozo peke yake amekariri maoni ya mtu mwingine, na siku ya mtihani huandika kwamba mhusika fulani ni “mwenye busara, mvumilivu na mwenye huruma” bila ya kumjua kabisa. Ken Walibora aliwaandikia vijana Siku Njema, kilichotolewa mwaka wa 1996, ambamo Msanifu Kombo aondoka Tanga akaja Kenya kumtafuta baba yake. Safari ile haina maana kwa mtu aliyeambiwa mwisho wake katika mistari mitatu.

Mwalimu mwerevu humtambua mara moja aliyesoma na asiyesoma. Haulizi dhamiri ya kitabu. Huuliza: “Katika watu wote wa hadithi hii, ni nani ambaye usingemkopesha fedha, na kwa nini?” Swali hilo halimo katika mwongozo wo wote. Aliyesoma kitabu hucheka, akafikiri, akajibu. Asiyesoma hutazama dari.

Jambo jingine lahusu wasichana. Katika vikundi vingi vya wavulana na wasichana pamoja, wavulana husema kwanza na kwa sauti kubwa, na ifikapo zamu ya wasichana huwa wamesema yote, au wasichana huona aibu kupinga. Vikundi vingine vimeligundua jambo hilo, vikaweka desturi ya kuanza na mdogo kuliko wote, kisha wasichana, na wakubwa wa mwisho. Faida yake ilionekana hasa katika kuzungumza Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotolewa mwaka wa 1980 na kusomwa kwa mtihani katika Kenya. Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, afungiwa ndani na baba yake, haruhusiwi kutoka wala kujua ulimwengu. Hatimaye atoroka, akaangukia maisha ya taabu mjini. Wavulana wakianza kusema, mazungumzo huwa juu ya makosa ya Maimuna. Wasichana wakianza, huwa juu ya ule mlango uliofungwa, na juu ya mama yake Tamima, aliyekuwa akiteswa katika nyumba ile ile. Kitabu ni kile kile. Na mara nyingi msichana husema juu ya Maimuna neno ambalo asingethubutu kulisema nyumbani juu ya nafsi yake, na wenzake humsikiliza.

Kwa sababu hiyo wazazi wengine huwa na wasiwasi. Huona mtoto arudi kutoka mkutanoni amejaa maswali, akidhani ya kuwa baba naye sharti aonyeshe ukurasa. Yapasa viongozi wa vikundi wawaeleze wazazi kazi yao, na kuwaalika. Mzee mmoja akiketi pamoja na vijana wakizungumza habari za Adili, huenda akaleta hadithi ya ndugu wawili wa kijiji kile kile ambayo hakuna kitabu kilichoiandika.

Ugumu mkubwa wa mashambani ni uchache wa vitabu. Ikiwa iko nakala moja tu, kikundi chaweza kusoma kwa sauti, mlango mmoja kila juma, wakapokezana usomaji. Njia hiyo ni ya polepole, lakini ina uzuri wake, maana hakuna ajuaye mwisho kabla ya wenzake, na watu huanza kubishana kabla hadithi haijafika katikati. Kitabu kifungwe kwa karatasi ngumu, na jina la anayekaa nacho liandikwe, pamoja na tarehe.

Vikundi vingi huweka pia daftari. Kila aliyesoma huandika humo mistari michache kwa mkono wake: jina la kitabu, siku, na maoni. Daftari hizo hukaa kabatini mwa shule miaka mingi. Aliyeandika alipokuwa na miaka kumi na minne ya kuwa Adili alikuwa mpumbavu, akija kulifungua tena akiwa na watoto wake mwenyewe, hukuta maneno yake yamemngojea pale pale, pamoja na jibu la mwenzake chini yake, lililoandikwa kwa wino wa rangi nyingine.