Nyumba ya Mama Inavuja: Irekebishe Kidogo Kidogo Kabla ya Mvua ya Machi

Ukipita Rongo, Awendo, Ndhiwa ama Oyugis utaziona: nyumba za udongo zenye paa la mabati, ukuta wa mbele umepigwa simiti, wa nyuma bado ni udongo mtupu. Watoto waliolelewa humo wako Nairobi na Mombasa. Mzazi aliyebaki anaamka usiku kusongeza kitanda maji yakidondoka. Kujenga upya kwa wengi bado ni ndoto, lakini hiyo iliyopo inaweza kusimama miaka mingine mingi ukipanga kazi na pesa pamoja.

Anza juu. Wengi hukimbilia plasta kwa sababu ndiyo wageni wanaona, halafu mvua ya Machi hadi Mei inapenya paa na kuibandua yote. Siku ya jua kali, mtu asimame ndani, mlango umefungwa; kila tundu litajionyesha. Mara nyingi shida si bati lenyewe, ni misumari iliyolegea, na mipya yenye mpira inatosha. Yaliyooza badilisha. Dukani kumbuka geji 30 ni nene kuliko geji 32, ingawa wengi hudhani kinyume. Kazi ya kupanda juu mwachie fundi, hata kama wewe ni shujaa.

Mabati unaweza kununua 2 mwezi huu, 3 mwezi ujao, yakae mahali pakavu. Simiti usijaribu hivyo. Ikikaa miezi 3 inaanza kupoteza nguvu, kwa hivyo inunuliwe fundi akiwa tayari.

Kazi ya pili unaweza kuifanya mwenyewe na jembe. Chimba mtaro kuzunguka nyumba, maji ya paa yaende mbali na ukuta. Ukiwa sehemu zenye udongo mweusi, kama bonde la Lambwe, usiruke hatua hii: udongo huo hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, na ukuta unapasuka nao.

Sasa ndio ukuta. Simiti haishiki udongo vizuri, kwa hivyo toa udongo uliolegea, badilisha nguzo zilizoliwa na mchwa, kisha pigilia waya wa kuku kabla ya plasta. Mfuko 1 wa kilo 50, ukichanganywa na mchanga mara 4, unafunika kama mita 10 za mraba kwa unene wa milimita 15. Ukuta wa udongo haujanyooka, utakula zaidi. Pima kuta, piga hesabu, na fundi akikuambia mifuko 40 kwa chumba kimoja, utajua la kumuuliza. Plasta ikishapigwa, ilowanishwe kila siku kwa siku 7. Hiyo hata watoto wakiwa likizo wanaweza, kama vile kuchekecha mchanga na kupaka chokaa.

Jambo moja haliko kwa hadwea. Kama nyumba ni ya mjane au ya mzazi aliyefariki, keti na wazee wa dala kwanza. Kwa Waluo kugusa paa si uamuzi wa fundi peke yake, na mzozo wa familia unaweza kusimamisha kazi mabati yakiwa tayari uani.

Tuje kwa pesa, maana hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Umetuma 30,000 kwa ndugu, katikati kumetokea matanga na karo, na mabati hayakununuliwa. Si lazima awe mwizi. Pesa taslimu nyumbani ina wenyewe wengi. Mpigie mtu wa hadwea, kubaliana bei, kisha lipa moja kwa moja kwa namba yake ya till. Kwenye M-Pesa mteja hakatwi ada kulipa till, ilhali ukimtumia mtu kiasi kama hicho unakatwa kutuma, naye anakatwa kutoa kwa ajenti. Soma jina la duka kwa makini, na ule ujumbe wa malipo usiufute, ndio risiti yako. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, peleka ujumbe huo kwa 456 mara moja.

Fundi mlipe kwa awamu: kidogo akianza, nyingine paa likiisha, na mkubaliane mapema kwamba sehemu fulani itabaki hadi mvua ya kwanza inyeshe. Picha ya WhatsApp haivuji, bwana. Mpigie mama asubuhi baada ya mvua, muulize kitanda kililala wapi.

Fuliza si ya mradi kama huu, kwa sababu deni likikaa ada inaongezeka siku baada ya siku na ukuta hauingizi kitu. Afadhali ufunge akiba, kwa mfano ile ya M-Shwari, tarehe ya kufunguka ikiangukia Januari. Hapo unabaki na wiki kadhaa za kumaliza paa kabla mvua haijaanza.